Kadari, Huzuni na Kombe Lililopotea

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa dini na wa falsafa wameyashughulikia tangu zamani, ni machache yanayomgusa mtu wa kawaida kwa karibu kama hili: mja aaminiye kwamba kila jambo limekwisha kukadiriwa kabla halijatukia, je, ana haki ya kulihuzunikia jambo lililopita, na kama anayo haki hiyo, huzuni yake imewekewa mpaka gani? Sheria ya Kiislamu, ambayo haikuacha sehemu kubwa ya maisha bila ya kuitolea hukumu, imewapa wafiwa siku 3 za kukaa matanga, ikampa mjane miezi 4 na siku 10 za eda, kisha ikamtaka kila mtu arejee katika shughuli zake. Walakini iko huzuni nyingine, isiyotajwa katika kitabu chochote cha fiqhi, ambayo haina matanga wala eda, nayo humkaa mtu miaka 30 na zaidi bila ya kuchakaa, hata akawarithisha wanawe ambao hawakuwa wamezaliwa siku ilipoingia nyumbani. Nayo ni huzuni ya mpenzi wa kandanda ambaye timu yake ilifika fainali, ikaliona kombe kwa macho, isilitie mkononi.

Katika mji wa Dar es Salaam huzuni hiyo ina mwaka wake. Mwaka 1993 klabu ya Simba, yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ilifika fainali ya Kombe la CAF, mashindano yaliyokuwa katika mwaka wake wa pili tu, na ambayo yalidumu mpaka 2003, kisha yakaunganishwa na Kombe la Washindi kuwa hili Kombe la Shirikisho tulijualo leo. Mchezo wa kwanza ulichezwa Abidjan, nyumbani kwa Stella, klabu ya Ivory Coast, ukamalizika 0-0. Na kila ajuaye hesabu ya mechi mbili anajua kwamba sare ya ugenini ni nusu ya furaha iliyotangulizwa nyumbani. Watu hawakungoja nusu ya pili. Siku ya marudiano Uwanja wa Taifa, ule wa zamani ambao leo huitwa Uwanja wa Uhuru, ulijaa mapema, naye Rais Ali Hassan Mwinyi akafika kushuhudia kombe likikabidhiwa wenyeji. Na mbele ya macho yake na ya umati ule Simba ikafungwa 2-0, Stella wakalichukua kombe lao wakaenda nalo Abidjan, na mji ukabaki na jambo la kuzungumza ambalo halijakwisha mpaka hivi leo.

Nimeketi mara nyingi katika baraza moja ya kahawa ya Kariakoo pamoja na mzee mmoja, mwanachama wa Simba tangu ujana wake, na sijapata kumsikia akiianza hadithi ya siku ile pale uwanjani. Huianzia Abidjan, kwenye redio, na sauti ya mtangazaji iliyokuwa ikipotea na kurudi; kisha huja kwenye usiku wa kuamkia marudiano, ambao hakuna mtu Msimbazi aliyelala; na anapoufikia mchezo wenyewe huviomba vikombe vya kahawa vilivyokwisha kunywewa, akavipanga juu ya benchi, vinne kwa mstari, ndio walinzi, na kipande cha kashata kilichosalia hukifanya mpira. Muuza kahawa, ambaye anavihitaji vikombe vyake, husimama kando akangoja, maana yeye naye amekwisha kuyajua yatakayofuata. Mzee hukisogeza kikombe kimoja upana wa vidole viwili tu, akakitazama, akasema kwamba lau kikombe hiki kingalisimama pale kilipokuwa, Boli Zozo, mfungaji wa Stella, asingalipata njia.

Wako wanaosema kwamba huzuni ya namna hii ni upuuzi, na hoja yao haifai kupuuzwa, kwa kuwa aghalabu huletwa na watu wachamungu wenye kuihesabia roho ya binadamu saa zake. Wasema kwamba umri ni mfupi, kwamba machozi ni mali ya wazazi na watoto na maskini waliodhulumiwa, na kwamba mtu atakayeulizwa mbele ya Mola wake aliumalizia wapi ujana wake atatahayari kutaja dakika 90 zilizochezwa na watu wengine. Nimeitafakari hoja hii kwa heshima, na bado naona kwamba imekipima kitu kwa mizani isiyokuwa yake. Kilichopotea mwaka 1993 si kipande cha madini kilichong'arishwa, ambacho hakuna mshabiki hata mmoja angalikipeleka nyumbani kwake. Kilichopotea ni saa ambayo watu wasiojuana, mchukuzi wa sokoni na karani wa serikali, mvuvi wa Feri na mwalimu wa Tabora aliyeitegea redio sikio, walikuwa wameziweka roho zao mahali pamoja wakiingoja habari moja; na binadamu, ambaye sehemu kubwa ya matumaini yake huyatumaini peke yake, kimya, kwa ajili ya ada ya shule au deni la duka, hapewi saa kama hiyo mara nyingi. Anapoipoteza, ana haki ya kusikia uchungu.

Wala dini haikumnyima haki hiyo. Nabii Yakubu alipompoteza mwanawe Yusuf aliitamka subira njema tangu siku ya kwanza, na pamoja na kuitamka akalia miaka mingi hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na wanawe walipomkemea kwamba ataangamia kwa kumkumbuka Yusuf, aliwajibu kwamba mashtaka yake hayapeleki kwa yeyote ila kwa Mwenyezi Mungu. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na sahaba aliyestaajabu aliambiwa kwamba machozi hayo ni rehema. Wakristo nao wanasoma katika Injili ya Yohana kwamba Yesu alilia alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua kwamba baada ya kitambo kidogo maiti yule angalitoka akiwa hai; na naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote, kwa sababu huyu alilia akiujua mwisho mwema, na bado hakuona kwamba kuujua mwisho kunayafuta machozi ya njiani. Basi kuridhia kadari hakukupata kuwa na maana ya ukavu wa macho. Anayemwambia mpenzi wa mpira kwamba imani yake ni dhaifu kwa kuwa anaikumbuka fainali, amemtwika mwenziwe sharti ambalo manabii hawakutwikwa.

Tabu iko mahali pengine. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwenye kufikwa na jambo asijiambie lau angalitenda hivi ingalikuwa vile, bali aseme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria na atakalo hulitenda, maana kule kurudi nyuma kuyageuza yaliyokwisha hufungua mlango wa kazi ya Shetani. Mtu akiisikia hadithi hii, fikira yake itakwenda moja kwa moja kwenye kile kikombe kilichosogezwa upana wa vidole viwili. Nami yangu ilikwenda huko. Walakini nimemsikiliza mzee yule kwa makini, mwaka baada ya mwaka, nikingoja alitaje jina la mlinzi ambaye kikombe kile kinasimama badala yake, na hajalitaja. Kijana mmoja alipata kumuuliza waziwazi: "Babu, nani alikuwa pale?" Mzee akavikusanya vikombe akamrudishia mwenyewe, akamwambia kijana: "Alikuwa mwana wa watu, mjukuu wangu. Alikimbia mpaka mwisho." Nadhani hapa ndipo mpaka ulipo, na kwamba Shetani anayetajwa katika hadithi ile haingii kwa mlango wa kukumbuka, bali kwa mlango wa kumtafuta wa kumbebesha.

Maana moyo wa binadamu una udhaifu huu wa ajabu, kwamba aghalabu huona nafuu kusalitiwa kuliko kushindwa. Kushindwa na mtu aliyekuzidi siku moja ni jambo lisilo na mshikio; mpira uliruka hivi badala ya vile, jua lilikuwa upande huu, mguu ulichelewa nukta moja, na hakuna wa kumuuliza. Bali ukipata mtu wa kumshitaki, basi dunia imerudi kuwa na mpango: fulani alikula rushwa, mechi iliuzwa, golikipa alizungumza na watu hotelini, kamati ilivunja masharti ya mganga, mwamuzi alitumwa. Maneno haya husikika Msimbazi, na Jangwani kwa watani wao Yanga, kila baada ya msiba, nayo husemwa kwa yakini kubwa na watu ambao ushahidi wao wote ni uchungu wao. Ayubu alipokaa majivuni, rafiki zake watatu walimjia, wakakaa naye siku 7 usiku na mchana bila ya kusema neno, na kwa siku hizo 7 walikuwa rafiki wa kweli. Walipofumbua vinywa ndipo walipopotoka, kwa kuwa hawakuweza kustahimili pigo lisilokuwa na mkosaji, wakaanza kumthibitishia kwamba lazima alitenda dhambi. Na mwisho wa kitabu, aliyekasirikiwa na Mungu si Ayubu aliyelia na kuuliza na kulalamika. Waliokasirikiwa ni wale waliokuwa na maelezo.

Mfano mkubwa kuliko yote wa dhuluma hii, katika historia ya kandanda, haukutokea kwetu, bali Brazili. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka ule, Brazili ilicheza na Uruguay mchezo wa kuamua bingwa. Haikuwa fainali kwa desturi tuijuayo, kwani bingwa alitafutwa katika kundi la timu 4, na Brazili ilihitaji sare tu. Watazamaji waliolipa kiingilio walizidi 170,000. Magazeti yalikwisha kuwaita wenyeji mabingwa wa dunia. Meya wa jiji aliwahutubia wachezaji kabla ya mchezo kwa jina hilo hilo la ushindi. Friaça akafunga mara tu kipindi cha pili kilipoanza, na uwanja ukawa moto mtupu. Dakika ya 66 Schiaffino wa Uruguay akasawazisha, na sare bado ilikuwa ikiwatosha wenyeji. Dakika ya 79 Alcides Ghiggia akashuka kwa upande wa kulia, na golikipa wa Brazili, Moacir Barbosa, akidhani kwamba atautoa mpira kati kwa mwenzake kama alivyofanya katika goli la kwanza, akasogea hatua moja kutoka langoni. Ghiggia akaupiga mpira katika upenyo ulioachwa na hatua ile, kati ya golikipa na nguzo ya karibu.

Hatua moja. Barbosa alikuwa golikipa hodari wa Vasco da Gama, mmoja wa magolikipa bora wa zama zake, na aliishi karibu miaka 50 baada ya siku ile. Na miaka yote hiyo nchi nzima ilimtazama kwa hatua ile moja. Timu ya taifa iliiacha jezi nyeupe iliyovaliwa siku ya msiba, pakatangazwa shindano, ikapatikana jezi ya manjano inayojulikana leo ulimwenguni kote. Nchi ikapata kombe mwaka 1958, tena 1962, tena 1970, tena 1994, na kwa vyovyote vile mtu angalidhani kwamba deni limelipwa. Halikulipwa. Mwaka 1993 Barbosa, mzee wa miaka 72, alikwenda kuwatembelea wachezaji wa timu ya taifa kambini mwao akazuiwa, kwa kuogopwa kwamba angewaletea nuksi. Yeye mwenyewe alihadithia jinsi mwanamke mmoja, alipomwona sokoni, alivyomwonyesha mwanawe kwa kidole kuwa huyu ndiye aliyewaliza Wabrazili wote. Na alipata kusema kwamba kifungo kirefu kabisa katika sheria za nchi yake ni miaka 30, ilhali yeye amekwisha kukipita kwa kosa ambalo hata hakulitenda. Alikufa mwezi Aprili wa mwaka 2000. Sijui namna ya kuisoma habari hii bila ya kuona haya kwa niaba ya wapenzi wote wa mpira, mimi nikiwamo. Maana wale waliomfunga Barbosa hawakuwa mahakimu wala askari, walikuwa watu wa kawaida wenye kulipenda taifa lao, waliokuwa na huzuni ya haki wakaitumia kwa dhuluma.

Na huko huko Rio, usiku ule ule, palikuwa na mtu mwingine aliyeielewa huzuni ile kuliko wenyewe. Obdulio Varela, nahodha wa Uruguay, ambaye ndiye aliyewatia wenzake moyo pale uwanja mzima ulipokuwa ukinguruma, hakubaki hotelini kusherehekea, bali aliingia mitaani na katika mabaa ya mji alioushinda, akawakuta watu wakilia, akakaa nao, akanywa nao. Na katika uzee wake alisimulia kwamba aliwaonea huruma na akajiona kama aliyewatenda ubaya watu wema. Mshindi alikwenda kuhani.

Wanaotaka kujua Uislamu unasema nini juu ya mtu aliyeachia nafasi yake na watu wakashindwa hawana haja ya kukisia, kwa kuwa jambo hilo lilikwisha kutukia na hukumu yake ikateremka. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, kwenye vita vya Uhud, Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima akawaamuru wasikiache kwa hali yoyote. Walipoona maadui wamerudi nyuma, wengi wao walishuka kukimbilia ngawira, wapanda farasi wa adui wakazunguka kilima, na ushindi ukageuka kuwa msiba: waliuawa Waislamu wapatao 70, na Hamza, ami yake Mtume, miongoni mwao. Simlinganishi shahidi wa Uhud na mfungwa goli, Mwenyezi Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba hapa kosa lilikuwa la kweli, lilikuwa la kuvunja amri, lilijulikana ni la akina nani, na bei yake ilikuwa roho za watu. Na Kurani, katika Sura ya Al Imran, ilipokuja kulizungumza jambo hilo haikulificha kosa, ililitaja. Kisha ikatangaza kwamba waliokosea wamesamehewa, ikamwagiza Mtume awe laini kwao, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo yao. Awashauri! Mtu aliyeshuka kilimani arudishwe katika baraza la shauri, kauli yake isikilizwe. Ikiwa hiyo ndiyo insafu iliyoamriwa kwa kosa la namna ile, basi ni insafu gani tuwezayo kumnyima golikipa aliyesogea hatua moja, au mpigaji aliyekosa mkwaju wa penalti, ambaye hakuasi amri ya mtu yeyote, aliyetaka tulilolitaka sisi, na kwa nguvu zaidi yetu?

Katika Sura hiyo hiyo, kwa ajili ya msiba huo huo, ndimo ilimosemwa kwamba siku za ushindi na za kushindwa huzungushwa baina ya watu. Wapenzi wa Yanga, waliokuwa wakiwakumbusha watani wao mwaka 1993 kila walipokutana, walizungushiwa siku yao mwaka 2023. Tarehe 28 Mei, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, USM Alger walitangulia kufunga. Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, na kabla watu hawajamaliza kukumbatiana, dakika ya 84, Merili akawafungia wageni la pili. Tarehe 3 Juni huko Algiers, pale ambapo wengi walitarajia kipigo, Yanga walishinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani, wakalinda goli lao mpaka mwisho. Jumla ikawa 2-2, kombe likaenda kwa Waalgeria kwa sheria ya goli la ugenini. Na hakuna kushindwa kunakomtatiza mwanafalsafa kama huku, kwa kuwa hesabu yenyewe inakwambia mmelingana, kisha inamvisha mmoja medali ya dhahabu. Nimesikia watu wakiiita sheria ile dhuluma. Lakini ni sheria hiyo hiyo iliyoipa Gor Mahia ya Kenya Kombe la Washindi mwaka 1987, baada ya kutoka 2-2 na Esperance huko Tunis na 1-1 Nairobi, na sijapata kumsikia mtu wa Afrika Mashariki akitaka kombe lile lirudishwe Tunis.

Hata hivyo si goli la dakika ya 84 linalonisumbua ninapoikumbuka fainali ya Yanga. Siku ile ya 28 Mei, katika msongamano wa watu waliokuwa wakigombea kuingia uwanjani, mtu mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Alitoka nyumbani kwake kwenda kutazama mpira, asirudi. Mshabiki yeyote utakayemsimamisha leo barabarani atakutajia nani alifunga na kwa mguu gani, atakueleza Mayele alivyokuwa akishangilia, atakumbuka hata hali ya hewa. Lakini mtaje yule marehemu, na wengi watanyamaza wakijaribu kukumbuka kwamba jambo hilo lilitokea. Sisemi haya kuwasuta. Nasema kwamba kumbukumbu, tukiiachia ijichagulie yenyewe, huchagua kwa upendeleo. Hulihifadhi goli na kumsahau mtu. Na kama kukumbuka ni amana, kama ninavyoamini, basi amana haiwezi kuchukuliwa nusu. Naona ingewapendeza wapenzi wa Jangwani, na pia watani wao, kila inapofika tarehe ile, wamtangulize yeye kwa dua kabla hawajafika kwenye goli la Merili.

Nimewataja watani, na yapasa nilieleze jambo hilo kidogo, kwa sababu mgeni akiuona utani wa Simba na Yanga baada ya fainali kupotea hudhani kwamba ni ukatili. Katika desturi zetu za bara na za pwani, mtani ana kazi katika msiba. Huingia matangani bila ya kubisha hodi, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni lisilokuwapo, akalikalia jeneza asibanduke mpaka apewe chochote. Na wafiwa waliokuwa hawajala tangu jana hujikuta wanacheka, na baada ya kucheka huweza kula. Mwezi Mei 2025, Simba ilipofika tena fainali, safari hii ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-0 na Berkane huko Morocco, kisha ikatoka sare 1-1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambako wageni walisawazisha mwishoni kabisa, kabla ya usiku kwisha mitaa ya Dar es Salaam ilijaa jezi za kijani na manjano na mashairi ya papo kwa papo; na muuza maji wa jirani yangu, Yanga wa damu, alimpelekea rafiki yake wa Simba sahani ya ubwabwa iliyofunikwa, akamwambia kwamba amekuja kuhani na kwamba mfiwa ale kwanza, kilio kitaendelea baadaye. Waliula pamoja. Utani ukivuka hapo, ukawa wa kumshangilia mgeni kwa chuki au wa kumtukania mtu wazazi wake, umekwisha kuacha kuwa utani. Lakini ukikaa katika mpaka wake ni tiba ambayo Wabrazili wa mwaka 1950, taifa zima likiwa na msiba mmoja na hakuna aliye nje ya msiba wa kuwachekesha, hawakuwa nayo.

Lipo swali moja la mwisho, ambalo wanachama wa klabu zote mbili huliuliza kwa hamu kubwa: je, kombe litakalopatikana kesho litakifuta kilio cha jana? Wengi wanaapa kwamba litafuta. Yaliyowapata Wazambia yananifundisha vingine. Tarehe 27 Aprili 1993, mwaka ule ule wa msiba wa Simba, ndege iliyoichukua timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, wakafa watu 30 wote waliokuwamo, 18 kati yao wachezaji. Timu mpya iliyokusanywa upesi, ikiongozwa na Kalusha Bwalya ambaye alinusurika kwa kuwa alikuwa asafiri peke yake kutoka Uholanzi, ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994, ikatangulia kufunga, ikashindwa 2-1 na Nigeria. Ikapita miaka 18. Mwaka 2012 Zambia ilifika fainali tena, na majaaliwa yakaipeleka kuicheza Libreville. Wachezaji wakaenda kwanza ufukweni kuweka maua, kisha wakacheza na Ivory Coast 0-0 na kuwashinda kwa penalti 8-7. Hakuna timu iliyopata kupewa nafasi ya kufuta kama hii, katika mji ule ule, mbele ya bahari ile ile. Na jambo la kwanza walilolitenda Wazambia na ushindi wao ni kuwatunukia wafu wa mwaka 1993. Kombe halikufuta. Lilikuwa zawadi iliyopelekwa kwa watu ambao bado wanakumbukwa, na sidhani kwamba Zambia nzima pana mtu aliyetaka liwe kitu kingine.

Watu wa Ivory Coast, ambao Stella yao iliwaliza watu wa Dar es Salaam, waliondoka Libreville na kilio chao, wakakaa nacho miaka 3 mpaka fainali ya mashindano hayo hayo iliyochezwa mjini Bata mwaka 2015 dhidi ya Ghana, iliyokwisha nayo 0-0 ikaingia katika mikwaju. Wachezaji wote wa ndani walipokwisha kupiga wakabaki magolikipa wawili wakitazamana. Razak Brimah wa Ghana akapiga, Boubacar Barry akauzuia. Kisha Barry, aliyekuwa langoni pia usiku wa Libreville, akauweka mpira chini, akapiga mwenyewe, akafunga, ikawa 9-8. Barry akawa shujaa wa nchi yake kwa mkwaju mmoja, kama Barbosa alivyokuwa mkosaji wa nchi yake kwa hatua moja. Na Brimah akabaki mbele ya watu wa Ghana, ambao nao, tangu usiku ule, wana jina la kulitaja au la kulisitiri.